Kengele ya Saa Nne: Mapumziko na Uwanja katika Siku ya Mtoto wa Shule

Mapumziko ni ule muda ndani ya siku ya shule ambapo mtoto ametoka darasani na hakuna mtu mzima anayempangia la kufanya. Nusu ya pili ya maelezo haya ndiyo husahaulika. Mchakamchaka wa asubuhi, paredi, usafi wa mazingira, kumwagilia bustani na kipindi cha michezo vyote hufanyika nje, na baadhi yake humtoa mtoto jasho kuliko anapocheza mwenyewe. Lakini kila kimoja kina mstari, filimbi na kiongozi. Kengele ya saa nne ikigongwa, mtoto wa darasa la pili huchagua mwenyewe aende wapi, acheze na nani, au akae tu chini ya mti akitazama wenzake. Faida za mapumziko hutokana na uhuru huo wa kuchagua, ukichanganyika na mwanga, hewa na nafasi ya nje. Shule inayotoa kimoja na kunyima kingine hupata nusu ya faida.

Ratiba za Afrika Mashariki zinakiri kwamba mtoto mdogo hawezi kukaa kitako kama mkubwa. Tanzania imezoea kipindi cha dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, na dakika 40 kuanzia darasa la tatu. Kenya hutumia dakika 30 kwa gredi ya kwanza hadi ya tatu na dakika 35 kwa gredi ya nne hadi ya sita. Hata hivyo, kufupisha kipindi hakumpumzishi mtoto ikiwa kipindi kingine kinaanza papo hapo. Vipindi vinne vya dakika 30 vinavyofuatana, ubao ukifutwa tu na daftari kubadilishwa, ni saa mbili kamili juu ya dawati, mara nyingi watoto watatu au wanne wakibanana kwenye benchi moja. Finland, ambako watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na umri wa miaka 7, imezoea mpango mwingine: kila saa hugawanywa kuwa dakika 45 za somo na 15 za mapumziko, na watoto hutoka nje hata wakati wa theluji. Inashangaza kidogo kwamba nchi yenye baridi kiasi hicho huwatoa watoto wake nje mara nyingi kuliko nchi zenye jua mwaka mzima.

Sababu ya kwanza ya kuwatoa ni usikivu. Mtoto wa miaka 6 au 7 bado anajenga uwezo wa kuzuia mawazo yasiyohusika: sauti ya bodaboda nje ya dirisha, rafiki anayechezea kalamu, njaa. Kuyazuia kunachosha, na uchovu huo huonekana mwilini kabla ya kuonekana kwenye daftari. Mtoto huanza kujinyonganyonga, kuinuka bila sababu, kuomba ruhusa ya kwenda chooni mara mbili. Mwalimu huona utundu mahali ambapo pengine kuna uchovu tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Anthony Pellegrini na wenzake walilipima jambo hili katika shule ya msingi kwa njia rahisi sana: siku nyingine watoto walitolewa mapema, siku nyingine walicheleweshwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba kadiri watoto walivyokalishwa kwa muda mrefu ndivyo usikivu wao ulivyopungua, na baada ya mapumziko ulirejea. Mambo yalikuwa hivyo hata pale mapumziko yalipofanyika ndani ya jengo. Hilo ni dokezo muhimu kwa shule zenye siku za mvua: kukatiza kazi kuna thamani yake hata pale uwanja unapokuwa tope. Mwaka 1998 Olga Jarrett naye alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 43 wa darasa la nne ambao kwa kawaida hawakuwa na mapumziko kabisa. Siku walizopewa, walishughulika zaidi na kazi zao na kuhangaika kidogo kwenye viti.

Utafiti mkubwa zaidi ulitolewa mwaka 2009 ukihusu watoto wapatao 11,000 wa Marekani wenye umri wa miaka 8 na 9. Waliokuwa na zaidi ya dakika 15 za mapumziko kila siku walipewa na walimu wao alama nzuri zaidi za tabia darasani. Takwimu za aina hii zinahitaji tahadhari, kwani watoto waliokosa mapumziko walikuwa mara nyingi wa familia maskini na wa shule za miji mikubwa, na umaskini una njia zake nyingine za kuvuruga darasa. Ushahidi wa karibu zaidi na chanzo chenyewe ni wa Charles Hillman, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka huohuo wa 2009 aliwapima watoto 20 wa umri wa miaka 9 hivi, mara moja baada ya kupumzika wakiwa wameketi na mara nyingine baada ya kutembea dakika 20 kwenye mashine. Baada ya kutembea walijibu kwa usahihi zaidi maswali yanayohitaji umakini, na ufahamu wao wa kusoma ukapanda. Mwili unaposogea, moyo husukuma damu zaidi na ubongo huamka. Dakika hizo 20 zinakaribiana na mapumziko ya saa nne ya shule nyingi.

Faida ya pili haijulikani sana nje ya kliniki za macho, nayo inahitaji kuelezwa kwa urefu. Jicho la mtoto hukua kama kiungo kingine chochote. Likirefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, picha ya vitu vya mbali hukusanyika kabla ya kufika kwenye retina, na mtoto huona ubao kama uliofunikwa na ukungu. Tatizo hili, mayopia, limeenea sana Asia ya Mashariki, ambako watoto wengi hulazimika kuvaa miwani kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kwa muda mrefu lawama ilielekezwa kwenye vitabu. Leo inajulikana kwamba ukosefu wa mwanga wa nje una nafasi yake. Darasa lenye taa nzuri huwa na mwanga wa luksi 300 hadi 500. Nje, hata chini ya kivuli, mwanga huwa maelfu ya luksi, na juani huweza kufika 100,000. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali huifanya retina itoe dopamini, kemikali ambayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka.

Jaribio lililowashawishi wengi lilifanyika Guangzhou, China, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2015. Shule 12 zilihusishwa. Katika nusu yake, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule, na nusu nyingine ikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka 3, asilimia 39.5 ya watoto wa shule za kawaida walikuwa wamepata mayopia, dhidi ya asilimia 30.4 ya walioongezewa muda wa nje. Huko Kaohsiung, Taiwan, shule moja ilichukua hatua iliyo rahisi zaidi: wakati wa mapumziko madarasa yalifungwa ili watoto wote watoke. Ndani ya mwaka mmoja watoto wapya waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 8.41, huku katika shule jirani wakiwa asilimia 17.65. Hapakuwa na dawa wala kifaa. Kufuli tu na mwalimu wa kuwahimiza watoto watoke.

Watoto wa Afrika Mashariki bado wana mayopia kidogo wakilinganishwa na wa Asia. Mtu anaweza kudhani kwamba somo la Guangzhou haliwahusu. Lakini mtoto wa mjini anayechukuliwa na basi la shule kabla ya kucha, akakaa darasani hadi alasiri, akaenda tuisheni na kumalizia siku akiwa na simu ya mzazi mkononi, anaishi katika mwanga wa luksi mia chache kama mwenzake wa Guangzhou. Kwa mtoto huyo mapumziko ya shule ndiyo jua pekee la siku za kazi.

Hata hivyo, kama ingekuwa ni suala la usikivu na macho peke yake, ingetosha kuwaamuru watoto watembee kwa mstari kuzunguka shule. Kinachobaki ni mchezo wenyewe. Samuel Wilderspin, aliyeeneza shule za watoto wadogo Uingereza katika karne ya 19, aliuhesabu uwanja kuwa darasa lisilo na paa. Karne moja baadaye Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi wa makuzi ya fikra za mtoto, alikwenda kujifunza maadili mahali ambapo wachache wangeyatafuta: kwa watoto wanaocheza gololi. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 alieleza kwamba watoto wadogo huziona kanuni za mchezo kama amri zilizotoka kwa wakubwa, zisizoguswa. Wakikua wakicheza pamoja hugundua kwamba kanuni ni makubaliano, kwamba zinaweza kubadilishwa iwapo wote wanaridhia. Yeyote aliyewahi kusikia watoto wakibishana kama gololi imegusa au haijagusa anajua kwamba ubishi huo huchukua muda mrefu kuliko mchezo. Kwa Piaget ubishi huo ndio uliokuwa somo.

Michezo ya uwanjani ya Afrika Mashariki ina mafunzo ya namna hii tele. Katika rede, mchezaji hukaa katikati akikwepa mpira wa soksi au makaratasi unaorushwa na wawili kutoka pande zote, na hapohapo anatakiwa ajaze mchanga kwenye chupa. Lazima apime: aendelee kujaza au akwepe? Mchezo wa kati wa Kenya na nage ya Zanzibar ni ndugu zake. Kombolela imebeba wazo zito katika jina lake. Aliyejificha akiwahi kufika kambini kabla ya mtafutaji, huwakomboa wenzake waliokwisha kukamatwa, hivyo mtoto hujifunza kuhatarisha nafasi yake kwa ajili ya wengine. Mdako huzoeza jicho na vidole kufanya kazi pamoja, na huhitaji kokoto chache tu na shimo dogo. Kuruka kamba kunataka kuhesabu na kuingia kwa wakati. Hata mchezo wa kujipikilisha, wa vifuu na majani, una kazi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba katika mchezo wa kuigiza mtoto hutenda kama mtu aliyemzidi umri. Anayeigiza mama hawezi kulia ovyo, kwa sababu mama halialii. Hujizuia kuliko anavyojizuia akiwa yeye mwenyewe.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya nidhamu ya darasani na ya uwanjani. Darasani anayevunja kanuni huadhibiwa na mwalimu, na somo linaendelea. Uwanjani anayedanganya huachwa peke yake, au mchezo unavunjika na wote wanakosa. Kila mtoto ana uhuru wa kuondoka, na kwa hiyo kila mmoja analazimika kuwafanya wenzake wapende kubaki. Mtu mzima akisimama katikati na filimbi, kazi hiyo huihamishia kwake.

Kwenye ratiba ya ukutani, mapumziko ya saa nne huonekana ya kutosha. Uwanjani huliwa na foleni. Chukua shule ya mfano yenye wanafunzi 900 na masufuria matatu ya uji. Ikiwa kila kikombe kinajazwa kwa sekunde 5, kila sufuria litahudumia watoto 300 kwa dakika 25, na hiyo ni pale ambapo hakuna anayemwaga wala kusukumwa. Choo ni hesabu nyingine. Kiwango kinachotakiwa Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hata shule inayokitimiza, wasichana wote wa tundu moja wakihitaji kwenda wakati mmoja, kila mmoja kwa dakika mbili, wa mwisho atatoka baada ya dakika 40. Kisha kuna kunawa mikono. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye ndiye anayehitaji mchezo kuliko wote na ndiye mwepesi wa kusukumwa nyuma ya foleni, humaliza kikombe chake kengele ikilia. Kwenye karatasi amepumzika nusu saa. Shule zinazotenga mapumziko ya madarasa ya chini na ya juu kwa kupishana dakika 20 au 30 hupunguza tatizo hili bila gharama, ingawa kelele za walio nje huwafikia walio ndani.

Shule za zamu mbili zina shida zaidi. Kundi la asubuhi linapaswa kuondoka ili la mchana liingie, na muda unapobana kitu cha kwanza kukatwa ni mapumziko.

Pingamizi linalosikika mara kwa mara ni kwamba watoto wa vijijini hutembea kilomita nyingi kwenda shule, huchota maji na kuchunga mbuzi, hivyo hawahitaji muda zaidi wa kujongea. Kwa upande wa mwili pingamizi hili lina ukweli: Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya kati hadi ya juu kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 17, na watoto wengi wa vijijini huzipita kabla ya jua kuchwa. Lakini umbali aliotembea mtoto alfajiri haumrudishii usikivu wa saa tano, na kuchota maji hakumfundishi kujadiliana. Mtoto aliyefika akiwa amechoka anahitaji mapumziko zaidi, pengine ya kukaa kivulini. Mtoto anayekaa kimya pembeni ya uwanja hajapoteza muda.

Mahali ambapo mapumziko yapo, huweza kuondolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni adhabu: aliyechelewa, ambaye hakumaliza kunakili au aliyepiga kelele hubakishwa darasani. Anayebakishwa mara kwa mara huwa ni yuleyule, asiyetulia, na kila anapobakishwa huzidi kutotulia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kama adhabu wala kwa sababu za kitaaluma. Ya pili ni mtihani. Darasa la nne na la saba Tanzania, na gredi ya sita Kenya, huwa na vipindi vya ziada vinavyoingia kwenye mapumziko, michezo na likizo. Kenya ilijaribu kulizuia hili kisheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya wakati wa likizo, na kanuni za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa 2.00 asubuhi na saa 9.30 alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa 10.45. Mabasi ya shule yanayoonekana barabarani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi yanaonyesha kanuni hizo zinavyosomwa. Marekani nayo ilipita njia hiyo: miaka ya 1990 jiji la Atlanta lilifuta mapumziko katika shule za msingi ili kuongeza muda wa masomo, na shule mpya zikajengwa bila viwanja. Baadaye upepo uligeuka, na mwaka 2017 jimbo la Florida likapitisha sheria ya angalau dakika 20 za mapumziko kila siku kwa shule za msingi za umma.

Mapumziko yanahitaji ardhi, na ardhi ya shule mjini ina wenyewe wengi. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirejea shuleni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliandamana pamoja na wanaharakati kuubomoa, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Picha za watoto waliovaa sare wakikimbia moshi zilisambaa duniani. Kisheria watoto hao walikuwa na msingi imara. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 na kifungu cha 12 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 vinatambua mapumziko na mchezo kuwa haki. Shule nyingi hupoteza uwanja taratibu zaidi, kwa kuongeza darasa hapa, ofisi pale, maegesho ya magari kule, kila jengo likiwa na sababu nzuri.

Uhuru wa uwanjani hauondoi kazi ya mwalimu wa zamu. Uonevu hutokea zaidi pale macho ya wakubwa hayafiki: nyuma ya vyoo, kwenye kona ya uzio. Mwalimu anayetembea taratibu uwanjani, bila kuingilia kila ugomvi, huzuia mengi. Mpira wa miguu nao unahitaji kuangaliwa, kwa sababu wavulana wa madarasa ya juu huutandaza uwanja mzima, na wasichana na wadogo wakabanwa ukutani. Mstari wa chokaa unaotenga sehemu ya kamba, rede na mdako hutatua hili vizuri kuliko hotuba.

Jua la ikweta ni rafiki wa jicho lakini si rafiki wa kila ngozi. Miale yake huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo ubaridi wa Nairobi au Mbeya haupaswi kumdanganya mtu. Wanaohitaji uangalizi wa pekee ni watoto wenye ualbino, ambao nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja kati ya kila watu 1,400. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, kama KiliSun inayotengenezwa Moshi, huwawezesha kucheza badala ya kufungiwa darasani. Kwa kuwa wengi wao huona kwa shida, mpira wenye rangi kali huwasaidia. Kivuli huwasaidia zaidi, na kwa sababu mwanga wa kivulini nao ni wa maelfu ya luksi, hakuna mtoto anayepoteza faida ya macho kwa kucheza chini ya mwembe. Cha kuangalia ni mahali pa kuupanda. Saa nne jua bado liko mashariki na vivuli huanguka kuelekea magharibi, kwa hiyo miti iliyopandwa ukingo wa mashariki wa uwanja ndiyo inayokifikisha kivuli kwenye kamba na gololi. Iliyopandwa ukingo wa magharibi hupeleka kivuli chake cha asubuhi nje ya uzio, kwa majirani.